Nani Alitufundisha Bustani? Kutoka Kwai hadi Kitalu Chetu

Ndugu wana-Usambara, mlioko nyumbani na mliotawanyika kutafuta maisha,

Harambee ya mwaka huu ni ya mafunzo ya awali ya kilimo cha bustani kwa vijana wetu waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne wakakosa pa kuendelea. Makisio ya fedha yamo katika kurasa za mweka hazina. Mimi nimeombwa niandike upande wa historia, na nimekubali kwa sababu ya swali moja lililoulizwa katika vikao vya maandalizi na kurudiwa na wengi kwenye simu: watu wa Lushoto wafundishwe bustani ya nini, wakati kabichi, karoti na viazi wanavyokula watu wa Tanga na Dar es Salaam vinatoka kwao? Si sawa na kumfundisha mvuvi wa Pangani kutupa wavu?

Swali ni la haki. Lakini milima yetu imefundishwa bustani mara nyingi tangu zaidi ya miaka 130 iliyopita, na kila mwalimu alikuja na nia yake. Tukitazama kipi kilibaki mikononi mwa watu na kipi kilikufa mara mwalimu alipoondoka, tutajua pia fedha tunazochanga tuzielekeze wapi.

Tuanze kabla ya hao wageni. Jina lenyewe la kwetu ni somo la kilimo. Shambaai, kwa wazee, ni mahali pa juu penye ubaridi na mvua, ambapo migomba inastawi. Chini yake ni nyika, yenye joto na ukame. Mkulima mwenye busara alilima huku na huku, ili mvua ikikataa upande mmoja asife njaa. Kuzunguka nyumba kulikuwa na migomba, na chini ya migomba maharage, magimbi na mboga za majani. Hapakuwa na chuo, lakini mafunzo yalikuwepo. Binti aliyefuatana na mama yake shambani alijua kabla hajavunja ungo kwamba chipukizi la kupanda ni lile lenye majani membamba kama upanga, si lile lenye majani mapana linalopendeza macho. Alijua kwa kuwa alilichimba mwenyewe, akaliona likizaa.

Wazee walikuwa pia na maneno mawili ambayo vijana wa leo wanayasikia kwa nadra: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Yalihusu utawala kwanza. Mfalme wa Kilindi pale Vugha akiwa imara, mvua ilinyesha na nchi ikapona. Wakuu wakigombana, nchi iliharibika. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba kwa watu wetu, udongo haukuwahi kuwa jambo la jembe peke yake. Aliyekuja kufundisha kilimo bila kuuliza nani anatawala shamba na nani anakula mavuno alikuwa amekwisha kosea somo la kwanza.

Wageni wakaja. Wamisheni wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na Watrapisti wakafika Gare mwishoni mwa karne hiyo. Mwaka 1896 serikali ya Wajerumani ilifungua kituo cha majaribio pale Kwai, ili kujua kama viazi mviringo, mboga za Ulaya na ng'ombe wa Ulaya vinaweza kustawi katika ubaridi wetu. Viliweza. Mboga hizo pamoja na maplamu, mapichi na mapea tunayoyauza leo barabarani pale Soni yaliingia milimani kwa njia ya bustani za misheni na za walowezi. Reli kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, mboga ikapata njia ya kufika pwani kabla haijanyauka.

Lakini wenyeji walijifunza nini katika bustani hizo? Hapa pana jambo ambalo si wengi wanaolizungumza. Mwaka 1907, katika wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, ilianzishwa kadi ya kazi. Kila mwanaume mtu mzima ilimpasa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza alikamatwa kwa kazi za serikali. Basi bustani ilijifunzwa kwa kipande. Mtu alielekezwa achimbe tuta liwe na urefu gani na anyweshe maji saa ngapi. Sababu hakuambiwa, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Siku zake 30 zikiisha alirudi kwake akiwa na ujuzi wa nusu, na shamba lake likiwa limeota magugu.

Upande wa mashariki wa milima, Amani, ilijengwa mwaka 1902 taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo na viumbe. Pale ilipandwa miti na mimea ya kila namna kutoka nchi za joto: mipira, mikwinini, viungo, matunda. Wakati wa Vita vya Kwanza Amani ilitengeneza kwinini ya kuwatibu askari wa Kijerumani waliokuwa wamezingirwa baharini. Ilikuwa pia na jarida lake, Der Pflanzer, yaani Mpandaji, lililoeleza namna ya kupanda, kutunza na kupambana na wadudu. Lilikuwa somo kamili la kilimo. Liliandikwa kwa Kijerumani, kwa ajili ya wenye mashamba makubwa. Wanaume wetu waliobeba maji na kupalilia vitalu vilivyoelezwa humo hawakulisoma hata ukurasa mmoja. Waingereza waliiendeleza Amani kama kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki, na baada ya Vita vya Pili utafiti huo ukahamishiwa Muguga, Kenya.

Niruhusuni nichepuke kidogo kwa ajili ya ua moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika misitu ya kwetu ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye unyevunyevu. Akalipeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina Saintpaulia. Leo linauzwa katika vyungu kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, kwa rangi na maumbo yasiyohesabika; Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Kulizalisha hakuhitaji maabara. Unakata jani moja pamoja na kikonyo chake, unalichomeka kwenye udongo laini wenye unyevu, unaliweka kivulini, unasubiri majuma kadhaa. Miche midogo inachomoza penye kikonyo. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Ua ni la kwetu, na hakuna kizazi chochote cha watoto wa kwetu kilichowahi kuonyeshwa jani lile. Huko msituni lenyewe linapungua kwa sababu miti inayolipa kivuli inakatwa.

Kipindi cha Mwingereza kilileta shule nyingi zaidi, na mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki ikahimiza elimu ya Mwafrika iegemee kilimo na maisha ya kijijini. Bustani za shule zikaenea. Wazazi wengi walizitilia shaka. Walioona mbali walisema: mtoto wa Mzungu anafundishwa hesabu, wa kwetu anafundishwa jembe ambalo analijua tayari. Siwezi kuwalaumu. Na katika nyumba za walowezi na maofisa lilizaliwa jina lililotuumiza kuliko kadi ya kazi: shamba boi. Mtunza bustani, fundi anayejua kupogoa waridi, kubebesha mti wa tunda na kuotesha mbegu ngeni, aliitwa boi hata akiwa na wajukuu. Jina hilo bado linaishi. Ukimwambia kijana wa Lukozi au wa Mlalo ajiunge na mafunzo ya bustani, neno la kwanza linalomjia kichwani ni hilo, na wengi wanaona bora wakatembeze soksi Kariakoo. Hao mashamba boi, hata hivyo, ndio waliorudi nyumbani na vipandikizi mifukoni. Kama kuna watu wanaostahili kuitwa walimu wetu wa kwanza wa bustani za mboga na matunda ya baridi, ni wao, na hakuna hata mmoja aliyepewa cheti.

Kisha ikaja Mlalo, mwaka 1946. Wazee wetu waliokuwa watoto wakati ule wanaikumbuka kwa neno moja: matuta. Serikali iliona, na iliona sawasawa, kwamba milima inamomonyoka, udongo unashuka na mvua, na watu wanaongezeka. Ikaanzisha mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, na baadaye ikaupanua Usambara nzima. Kila familia ilitakiwa kuchimba matuta yaliyokatizwa kama visanduku ili maji yasishuke. Asiyechimba alishitakiwa. Ufundi wenyewe haukuwa wa kijinga. Matuta ya namna hiyo yanazuia maji mahali pengi duniani. Lakini jembe la chakula lilikuwa mikononi mwa wanawake, na wao ndio walioongezewa kazi hiyo nzito bila kuulizwa wala kufundishwa. Tena amri ilikuwa moja kwa migomba, kwa mahindi, kwa mteremko mkali na kwa mteremko mdogo. Watu walikataa. Waliandamana, walilipa faini, na hasira yao ikawa sehemu ya nguvu ya TANU katika milima yetu. Kabla ya Uhuru mpango ukafa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kwa miaka mingi baadaye, mtaalamu akitamka kuhifadhi udongo, watu walisikia matuta, wakafunga masikio. Mafunzo ya nguvu yaliua hata ukweli uliokuwa ndani yake.

Baada ya Uhuru, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Aliyeisoma anajua kwamba haikusema shule iwe kambi ya kulima. Ilisema shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi wapange, wapime, waone matokeo ya uamuzi wao na wagawane faida. Kwenye karatasi, ni mafunzo ya awali ya kilimo yaliyofikiriwa vizuri kuliko yote niliyoyataja. Kwa vitendo, sisi tuliopita katika shule hizo tunajua kilichotokea mahali pengi: kuchelewa namba, kalime, kukosa jibu, kalete samadi. Bustani ikawa adhabu. Mboga zilizovunwa hatukujua zimeuzwa kwa bei gani. Sisemi zote zilikuwa hivyo. Palikuwepo walimu waliotufundisha kupima nafasi kwa kamba na kuandika kila tulichotumia kwenye daftari, na hao hatuwasahau.

Kuanzia mwaka 1975 vikaja Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada wa Sweden, na katikati ya miaka hiyo ya 1970 Tengeru, Arusha, ikawa mahali pa kusomea kilimo cha bustani kwa cheti na stashahada. Tengeru imetoa mabwana shamba na mabibi shamba wazuri, wakiwemo wa kwetu. Lakini mlango wake ni wa aliyefaulu kidato cha nne. Sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ya mwaka 1994 iliunda VETA na kufungua mlango mpana zaidi, hata kwa aliyeishia darasa la saba. Ila vijana wetu wakitaja VETA wanafikiria umeme, udereva na ushonaji. Bustani inakuja mwisho, na tumekwisha ona jina gani limeiweka pale.

Mwalimu anayestahili ukurasa wake mwenyewe ni SECAP, mradi wa kuhifadhi udongo na kilimo mseto uliofanya kazi Lushoto kwa msaada wa Wajerumani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi 2000. Ulikuta kovu la matuta likiwa bichi. Haukuanza na amri. Ulianza na jani la Guatemala, ambalo ng'ombe analipenda. Panda mistari ya majani haya kukingama mteremko, waliambiwa watu; utapata malisho. Ng'ombe akafungwa nyumbani akaletewa majani, samadi ikakusanyika bandani, samadi ikaenda kwenye kabichi, na udongo ukajikusanya nyuma ya ile mistari ukaanza kujitengenezea ngazi wenyewe. Pembeni ikapandwa migrivea ya mbao na kuni. Mtu aliona faida ya mwaka huu kabla ya faida ya mjukuu. Ukipita leo njia za Soni, Lushoto na Malindi utaona mistari hiyo mahali ambapo hakuna mtaalamu aliyekanyaga kwa miaka mingi. Mahali pengine, ni kweli, imeng'olewa, hasa pale ambapo shamba limegawiwa watoto wanne na kila futi inahesabiwa.

Sasa nirudi kwa mvuvi wa Pangani. Kulima mboga tunajua. Tunachokosa ni vile vitu vya mwanzo ambavyo kila mwalimu aliyepita alivificha, au alivipita haraka, au alivigeuza amri. Kijana anapiga dawa kwenye nyanya leo na kuivuna keshokutwa, kwa sababu hakuna aliyemsomea maandishi madogo ya kwenye kopo kuhusu siku za kusubiri, na dawa hiyo anaichanganya kwa mikono mitupu kando ya kijito ambacho jirani wa chini anateka maji. Ananunua mbegu chotara kwa bei kubwa, anaitunza mbegu ya mavuno yake kwa msimu ujao kama bibi yake alivyofanya, kisha anashangaa miche haifanani. Anapanda kabichi baada ya kabichi kwenye kitalu kilekile mpaka ugonjwa unakaa udongoni. Na anapofika sokoni anajaza gunia mpaka lifunike kichwa, lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza, kwa kuwa dalali ameamua hivyo na yeye hana mzani wala hesabu ya gharama zake. Jasho la miezi mitatu linapotea kwenye kilemba cha gunia.

Haya yote yanafundishika. Mengine ni ya wiki moja. Kusoma kopo la dawa, kutengeneza mboji, kusia na kuhamisha miche, kubadilishana mazao, kupogoa, kubebesha parachichi, kupima kwa mzani, kuandika mapato na matumizi. Hiyo ndiyo maana ya mafunzo ya awali. Hayamfanyi mtu kuwa mtaalamu. Yanampa mguu wa kwanza, na anayetaka kuendelea ana pa kwenda.

Mnajua kwamba katika kikao cha mwisho tuligawanyika. Wako wanaotaka fedha ya kwanza ijenge ukumbi wa madarasa wenye jina la chama ukutani. Nawaheshimu, na najua picha ya jengo inachangisha kuliko picha ya mboji. Lakini historia niliyoieleza haina upande wao. Amani ilikuwa na majengo mazuri kuliko yote, na mkulima wa Bumbuli hakupata kitu humo. Kilichobaki milimani ni chipukizi la upanga, kipandikizi kilichorudi mfukoni mwa shamba boi na mstari wa Guatemala, na vyote vilishikwa na mkono wa mtu katika shamba lake mwenyewe. Maoni yangu, na kamati imeniruhusu niyaandike waziwazi, ni kwamba mchango wa mwaka huu ununue mabomba, mzani, mbegu, visu vya kubebeshea, mavazi ya kupigia dawa, na ulipe mwalimu atakayewatembelea wanafunzi mashambani kwao msimu mzima baada ya kozi. Turubai juu ya nguzo litatosha kwa kivuli.

Jambo moja limekwisha kubaliwa na pande zote mbili, nalo linatokana na Mlalo ya 1946. Masomo hayatakuwa asubuhi, wakati dada zetu na mama zetu wako kwenye maji, kuni na mashamba. Yataanza saa nane mchana, na nusu ya nafasi ni za wanawake. Mwenye watoto wadogo aje nao.

Tunaomba pia mchango usiokuwa wa fedha. Kwenu kuna mpea wa zamani ambao bado unazaa, mplamu ambao babu aliuleta kutoka alikokuwa akifanya kazi, aina ya ndizi au ya maharage ambayo haionekani tena sokoni. Leteni kikonyo, chipukizi au kiganja cha mbegu, pamoja na jina lake la Kishambaa na jina la kijiji kilikotoka, kabla ya mvua za vuli. Vitalu viwili vimekwisha pimwa, na kimoja kimeachwa wazi kwa ajili hiyo.